Betri Mbovu ya Gari Isipasuliwe Nyumbani

Katika vijiji vyetu vya Kibaha na Kisarawe gari likifa halitupwi. Springi humfikia mhunzi ikawa panga. Tairi hukatwa ikawa katambuga. Mpira wa ndani hufunga mizigo kwenye baiskeli. Rimu hugeuka jiko, na oili chafu hupakwa kwenye nguzo ili mchwa wasile. Vinavyobaki huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kazi hii ni halali na inawapa vijana riziki. Mimi siipingi. Ninalopinga ni jambo moja: kupasua betri na kuyeyusha risasi yake nyumbani.

Ndani ya ganda la betri mna vibao vya risasi vilivyolowekwa katika maji makali ya tindikali. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Madini haya ni laini, tena huyeyuka upesi. Moto wa mkaa na karai kuukuu vinatosha. Ndiyo maana mtu huweza kuyayeyushia uani akatengeneza chubwi za nyavu, au vipande vya kuuza. Urahisi huo ndio unaotuponza.

Risasi ni sumu. Haina kazi yoyote mwilini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Betri ikipasuliwa, unga wa kijivu humwagika mchangani. Risasi ikiyeyushwa, moshi wake hutua kwenye vyombo, mboga na nguo. Baba huingia ndani na vumbi hilo kwenye shati, akampakata mwanawe. Mtoto hutambaa uani, hutia vidole kinywani, hula udongo. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Akiwa na upungufu wa damu kwa kukosa chakula bora, huinyonya zaidi. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni, na mimba yaweza kuharibika.

Dalili zake ni tumbo kusokota, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kupungukiwa damu. Sumu ikizidi, mtoto hutapika, hupata degedege, hupoteza fahamu, na huweza kufa. Hata ikiwa kidogo, bila dalili yoyote, hupunguza akili ya mtoto. Akifika shuleni huitwa mzito wa kuelewa, na ubongo ulioharibika hivyo haurudi kuwa kama zamani.

Angalia basi hatari iliyopo. Dalili hizo hufanana na za malaria na minyoo. Degedege wengine husema ni shetani, wakampeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji. Zahanati ina kipimo cha malaria, lakini haina kipimo cha risasi. Mama asipotuambia kwamba nyumbani kwake wanayeyusha betri, tutatibu ugonjwa mwingine, kisha tutamrudisha mtoto kwenye sumu ileile.

Haya si maneno ya kutishana. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watu walipasua betri za magari, na wanawake wakachekecha mchanga wake ili wapate mabaki ya risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini fidia hainunui afya ya mtoto.

Wapo watakaosema, "Mzee fulani ameyeyusha risasi miaka mingi, na bado ni mzima." Mimi nawajibu: msimtazame mzee, watazameni watoto na wajukuu wanaocheza uani kwake. Wengine watasema kwamba tunawanyima vijana kazi. Sivyo. Betri nzima ina bei yake. Iuzwe bila kupasuliwa.

Ninashauri tufanye hivi:

1. Betri mbovu ikae wima, mahali pakavu, mbali na watoto. Maji yake yasimwagwe chini wala karibu na kisima.

2. Iuzwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Kanuni za taka hatarishi zinamtaka mkusanyaji awe nacho. Muulize akuonyeshe.

3. Anayeshika betri kazini anawe kwa sabuni kabla ya kula, na abadili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

4. Mahali palipowahi kupasuliwa betri pasifagiliwe pakavu, na watoto wasichezee hapo.

5. Watoto wapewe dagaa, maharage na mboga za majani. Chakula bora hupunguza kunyonywa kwa sumu hii, ingawa hakiizuii kabisa.

6. Ukimleta mtoto zahanati, tueleze kazi ya kila mtu nyumbani. Usifiche. Hatukuulizi ili tukushtaki.

Lakini mtu mmoja mmoja hawezi kulimaliza jambo hili, kwa maana moshi wa jirani hauna mpaka. Naziomba serikali za vijiji, kutoka Mlandizi hadi Maneromango, zilipeleke kwenye mikutano mikuu ya vijiji, na wanakijiji waamue kwa sauti moja kwamba betri haipasuliwi wala risasi haiyeyushwi penye makazi ya watu. Gari bovu litupe panga, jiko na katambuga. Lisitupe watoto wagonjwa.