Milima Yenye Mandhari na Watu Wasio na Majina

Imeota mizizi miongoni mwa baadhi yetu dhana kwamba kamera ikielekezwa kwenye shida ya mkulima, au kwenye kundi la wananchi wanaodai haki yao, huwa inalivunjia taifa heshima. Wenye dhana hiyo hutuambia kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi, vinyago na mandhari, na kwamba hivyo ndivyo vinavyostahili kupigwa picha na kuwekwa katika makumbusho. Makala haya yanaipinga dhana hiyo, na shahidi wake ni Lushoto na milima ya Usambara, sehemu ambayo imepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia moja ilhali watu wake wangali hawajaonekana.

Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1891 wamisionari wao walijenga kituo Mlalo. Mwaka 1895 Mputa, mtawala wa Vuga, alinyongwa. Mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani. Kamera iliandamana na mambo hayo yote. Mpiga picha Walther Dobbertin, aliyefanya biashara yake Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, aliacha shehena ya picha za koloni ambazo leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani mjini Koblenz. Desturi ya maelezo ya picha za enzi ile twaijua: Mzungu ana jina na cheo, na Mwafrika ni "mpagazi", "mwanamke wa Kisambaa" au "mwenyeji". Hata tingatinga la mbao juu ya mto laweza kutajwa kwa jina la aliyelisanifu, wala asitajwe hata mmoja wa wale waliolibeba mabegani.

Lakini kosa la kuwasahau watu halikwisha na Wajerumani, na tukio ninalotaka kulikazia ni la enzi ya Waingereza. Mwaka 1946 ulianza huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa hadi sehemu nyingine za Usambara. Kila mlipa kodi aliamriwa kuchimba matuta katika shamba lake. Kulima kwenye miteremko mikali na kuchunga ng'ombe kulibanwa kwa sheria. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Machifu walitakiwa kuisimamia amri hiyo juu ya watu wao wenyewe. Katika makoloni ya Waingereza idara za kilimo zilipenda sana kuupiga picha mteremko: hapa korongo lililochimbwa na mvua, pale matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Anayeangalia picha za namna hiyo huambiwa, bila neno kutamkwa, kwamba mkulima ndiye mharibifu na afisa ndiye mganga.

Wasambaa hawakukubali, na ukaidi wao haukuwa ujinga. Katika lugha yao yako maneno mawili ambayo wazee wa Usambara wameyatumia tangu zamani kumpima mtawala: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Profesa Steven Feierman aliyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990, akaonyesha kwamba wakulima wale walikuwa wakijadiliana juu ya siasa kwa hoja zao wenyewe. Kazi ya matuta iliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari jembe lilikuwa mikononi mwao kutoka alfajiri. Maskini aliyelima kipande alichoazimwa na jirani aliona hatari ya kukipoteza. Na wote waliokumbuka mashamba ya walowezi na misitu iliyofungwa na serikali waliuliza swali la haki kabisa: ardhi hii ikishatengenezwa, itakuwa ya nani? Upinzani huo ulidumu kwa miaka mingi, TANU iliyozaliwa mwaka 1954 ikaupa nguvu na ikapata nguvu kutoka kwao, na kabla ya mwongo ule wa 1950 kwisha serikali ya kikoloni ilisalimu amri. Tusisahau kwamba jambo hili halikuwa la Usambara peke yake. Huko Uluguru nako matuta ya kulazimishwa yalizusha ghasia mwaka 1955, na damu ikamwagika Matombo.

Basi na tujiulize: ni picha gani ya ukaidi ule ambayo kijana wa Kitanzania aweza kuitambua leo? Hakuna. Kijana huyo huyo huenda amekwisha kuona picha za Birmingham, Marekani, za mwaka 1963, zile za mbwa na mabomba ya maji yaliyoelekezwa kwa weusi waliodai haki zao. Na huenda anaijua picha ya Soweto ya mwaka 1976, iliyopigwa na Sam Nzima, ya mtoto Hector Pieterson akibebwa mikononi. Ni vyema azijue. Lakini ni msiba kwamba anaijua mitaa ya Birmingham kuliko njia za Mlalo, ambako nyanya yake alisimama shambani akakataa kuchimba.

Wala haifai kujitetea kwamba Mwafrika Mashariki hakuwa na ujuzi wa kazi hiyo. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za madhila ya ukoloni nchini Kenya, akaenda Marekani akawapiga picha watu wa harakati za haki za raia, kisha akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968. Picha zake zilikaa miongo kadhaa katika gereji moja Nairobi kabla ya kupatikana. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, alipeleka kwa ulimwengu habari ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984.

Hapa wapinzani wangu wana hoja moja ya kweli, nami siikwepi. Picha za njaa ziliponya maisha mengi, lakini pia ziliwazoesha watu wa Ulaya kutuona sisi kama mikono iliyonyooshwa kuomba. Naam. Hata hivyo, dawa yake si kuufunika umaskini kwa kanga ya sherehe. Dawa ni kumpiga picha maskini akiwa anapambana nao, akiwa na jina, mahali na hoja. Anayepigwa picha akilia huonewa huruma tu. Akipigwa picha akisema katika mkutano wa kijiji, hatuna budi kumsikiliza.

Sisi wenyewe baada ya Uhuru tulifanya nini? Kamera yetu ilijifunza kumfuata kiongozi. Sote twaijua picha ya Mwalimu Nyerere akiwa amebebwa juu kwa juu, pamoja na bango lililotangaza Uhuru kamili wa mwaka 1961. Nani kati yetu aweza kumtaja kwa jina mmoja wa waliombeba? Tangu mwaka 1981 Lushoto ilipata mradi mwingine wa hifadhi ya udongo kwa msaada wa Ujerumani, na miradi ya namna hiyo huleta tena picha za "kabla" na "baada", mteremko kwa mteremko. Na mgeni wa siku hizi hupelekwa Irente, asimame ukingoni, aelekeze kamera chini Mazinde na nyika ya mbali, akiyapa mgongo mashamba aliyoyapita njiani.

Huko mgongoni mwake ndiko kuna kazi. Amweke katika picha mnunuzi wa viazi akishindilia gunia la lumbesa, ujazo ambao sheria ya vipimo inaukataza, na mkulima akihesabu fedha za gunia moja kwa mali iliyozidi gunia moja. Awapige picha akina mama wakibishana naye, kwa idhini yao na kwa majina yao.

Na kwa wakubwa wa utamaduni nasema, muda umekwisha kutupungukia. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1955 amekwisha kuvuka miaka 80. Picha za Koblenz zichapishwe kwa ukubwa wa kuonekana na macho ya mzee, zipelekwe Mlalo, Vuga, Bumbuli na Soni, zipitishwe kutoka mkono hadi mkono barazani. Nyuma ya kila moja liandikwe kwa penseli jina la mtu, la mahali, na la aliyelitambua. Nakala moja ibaki kijijini, zisirudi zote Dar es Salaam.