Core i7 ya kizazi gani? Acheni kuuziwa taa!

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, kazi ya mteja mmoja ilinibana. Leo narudi nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Swali linaloingia kwenye simu yangu kuliko mengine yote ni hili: "Brathe, niko na elfu hamsini, nataka tarakilishi ya gemu, ninunue gani?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana wa huku kwetu Sugoi, au wa Turbo, au wa mjini Eldoret. Na hiyo elfu hamsini ina historia yake. Ni mahindi yaliyouzwa, au ni miezi kadhaa ya kuendesha boda boda, au zamu yake ya chama imefika. Si pesa ya mchezo hata kama inanunua mchezo.

Kisha anaingia dukani na kutoka na kesi yenye kioo ubavuni, feni nne za taa za rangi rangi, na karatasi iliyobandikwa "CORE I7 GAMING PC".

Core i7 gani?

Hapo ndipo muuzaji huanza kukohoa. Mimi nasema wazi: anayekuuzia "Core i7" bila kutaja kizazi anakuibia, na anajua anakuibia. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ina kiini nne. Core i5-8500 ilitoka mwaka 2018, ina kiini sita, na kwenye gemu inaiacha hiyo i7 ya zamani mbali sana. Lakini saba ni kubwa kuliko tano, sivyo? Hesabu ya darasa la kwanza ndiyo inayotumiwa kuwatoa watu pesa! Ni sawa na mtu akuuzie gari kwa kukwambia "ni Toyota" na kukataa kusema ni ya mwaka gani.

Dawa yake ni rahisi. Omba namba kamili ya prosesa, kisha ondoa tarakimu tatu za mwisho. Zinazobaki ndicho kizazi. 2600 ni kizazi cha pili, 4770 ni cha nne, 8500 ni cha nane, 10400 ni cha kumi. Akikataa kukupa namba kamili, muage kwa heshima, uondoke.

Na kizazi si suala la kasi peke yake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Najua kuna njia za panya za kuisakinisha kwenye mashine nzee, nimezitumia mara nyingi. Lakini Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, na hapo njia ya panya inaishia ukutani. Kwa hivyo kijana aliyelipia i7 ya kizazi cha pili ili acheze Valorant na wenzake amenunua kesi yenye taa. Tena taa nzuri sana.

Wa pili ninaowakasirikia ni wale wa video za Marekani, pamoja na wenzetu wanaozitafsiri bila kufikiri. "Bajeti ndogo: dola 600!" Mtu anaishi mtaa mmoja na duka la Micro Center, anachukua Ryzen mpya, ubao mama mpya, RAM mpya, kisha anasema mtu yeyote anaweza. Sisi tunaongeza usafiri, VAT ya asilimia 16, faida ya wa Nairobi na faida ya wa Eldoret. (Ndiyo, Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, lakini kwa vipuri vya tarakilishi bado tunasubiri kifurushi kutoka Luthuli Avenue.) Isitoshe, mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa duniani kote kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya akili bandia. Micron wenyewe walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida RAM na SSD za jina la Crucial. Wewe na elfu hamsini zako unataka kushindana na hao?

Basi ninunue nini? Nunua mtumba!

Mbona tunashangaa? Tumevaa mitumba tangu utotoni na tunajua kuchagua. Tunageuza shati, tunaangalia mshono, tunaangalia kola, na tunajua kamera ni ipi. Tarakilishi za Ex-UK ni mtumba vilevile. Ofisi za Ulaya zinabadilisha mashine kila baada ya miaka michache, zile za zamani zinauzwa kwa jumla na kuletwa huku. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Hazina taa. Zina sura ya karani wa benki. Lakini ndani unapata prosesa ya kizazi cha nane au cha tisa, ubao mama uliotengenezwa kwa uangalifu, RAM ambayo imeshalipiwa, na pawa saplai ambayo haidanganyi.

Sharti la kwanza: chukua ile ya mnara, yaani kesi kubwa ya kusimama. Usichukue ile nyembamba ya kulala, wala ile ndogo kama kitabu. Nyembamba haiingizi kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida, na ndogo haiingizi kadi yoyote. Wauzaji wengi hawatakwambia, kwa sababu nyembamba ndizo wanazo nyingi.

Sharti la pili: kadi ya grafiki inayokula kwenye soketi yake tu. Soketi ya PCIe kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimeundwa kutosheka na hizo. Angalia tu isiwe na tundu la waya wa ziada, maana baadhi ya watengenezaji waliongeza. Mashine za ofisi nyingi huwa na pawa saplai ya wati kati ya 200 na 300, na waya wa ziada wa kadi mara nyingi haupo kabisa. Prosesa kama ile i5-8500 imepangiwa wati 65. Jumlisha na 75 za kadi, ongeza SSD, RAM na feni, bado unalala salama.

Lakini hapa kwenye kadi ndipo wezi wamejaa, kwa hivyo nitakaa kidogo. Kuna "GTX 1050 Ti" mitaani ambazo ndani yake ni chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Mtu amebadilisha BIOS ili Windows isome jina la uongo. Ukiiwasha unaona jina zuri, ukifungua gemu inakufa. Jinsi ya kuitambua: geuza kadi uangalie matundu ya nyuma. Ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kitu kinachoitwa GTX 1050 Ti, rudisha mezani. Kadi za familia hiyo hazitoi mawimbi ya VGA kabisa, NVIDIA waliyaondoa. Pia beba GPU-Z kwenye flashi. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya uongo ya NVIDIA. Dakika mbili tu. Muuzaji akikataa uchomeke flashi yako, umeshapata jibu.

Na ile "RX 580" ya bei ya ajabu? Uliza kama ni 2048SP. Hiyo ni kadi halali iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, lakini nguvu zake ni za RX 570. Nyingine zilichimba Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022, uchimbaji ulipokoma. Na zote zinahitaji waya wa ziada, kwa hivyo kwenye OptiPlex yako hazina nafasi.

Sasa umeme. Wenzangu wa Nairobi hunicheka nikianza na umeme, lakini waje waishi Sugoi wiki moja. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa, taa za nyumba zinainama. Mvua ya alasiri ikija na radi, kila mtu anakimbia kuchomoa televisheni. Katika hali hiyo, kijana anauziwa pawa saplai ya "500W" nyepesi kama mkate. Isome! Ubavuni kuna jedwali. Tafuta mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa 16A, hiyo ni wati 192. Nyingine za kufikisha 500 ziko wapi? Ziko kwenye karatasi. Na kama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu, hakikisha inaonyesha 230 na siyo 115, kabla hujaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240. Nimeona moshi. Harufu yake haisahauliki.

Kwa hivyo pesa ya feni za taa, naomba, inunue UPS ndogo au angalau stabilaiza, na fundi akaguliwe waya wa arthi kama kweli umefika ardhini. Katika nyumba nyingi nilizoingia, arthi ni tundu la kupamba ukuta.

Najua watakaonijibu. "Mashine ya ofisi huwezi kuipandisha baadaye." Ni kweli, na sitaficha. Plagi za pawa saplai ya Dell si za kawaida, na ubao wake hautakubali prosesa ya kizazi kipya. Lakini niambie, huyo wa i7 ya kizazi cha pili ataipandisha kwenda wapi? Wangu anaweza kuongeza kijiti cha pili cha RAM (vijiti viwili vya 8 ni bora kwa gemu kuliko kimoja cha 16), anaweza kuongeza SSD, na siku akipata pesa anahamisha SSD na kadi, kisha mashine inamwendea mdogo wake wa shule. "Si anunue PlayStation tu?" Anunue, kama gemu ndiyo kazi yake yote. Hawa wanaoniuliza nusu yao wanataka pia kujifunza programu au kufanya kazi za mtandaoni, na hapo kiini sita na SSD vinalipa zaidi ya gemu.

Itacheza nini? Valorant na Counter-Strike 2 bila shida, GTA V vizuri, EA FC 24 pia, maana GTX 1050 Ti ndiyo kiwango cha chini walichoweka. Haitacheza Indiana Jones and the Great Circle wala Doom: The Dark Ages. Hizo zinadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo GTX yoyote haina. Anayekwambia elfu hamsini itazicheza, mwambie azicheze mbele yako, dukani, kabla hujafungua M-Pesa.

Mgao wangu, kwa anayetaka namba: karibu nusu iende kwenye mashine yenyewe, robo kwenye kadi, inayobaki igawane monita ya Ex-UK ya 1080p na UPS. Bei hubadilika kila wiki, kwa hivyo zunguka maduka matatu kabla ya kulipa. Monita iwe na HDMI au DisplayPort. Ikiwa na VGA peke yake, kadi yako halali haitaingia, halafu utarudi kunilaumu.

Haya, umeme umerudi. Nina kodi ya mteja ya kumalizia.