Mbegu iliyopigwa mionzi

Juma lililopita mmoja wetu aliuliza: tunda lililotokana na mbegu iliyopigwa mionzi, mtoto anaweza kulila? Ndiyo, alile.

Huko Texas, Marekani, kulikuwa na balungi jekundu liitwalo Hudson. Lilipendwa kwa rangi, lakini mbegu zilijaa, hata 40 na zaidi katika tunda moja! Mwaka 1959 Richard Hensz alizipiga mbegu zake mionzi. Mionzi huvuruga chembe za urithi. Ikizidi kipimo, mbegu haioti, ao mche unadumaa. Inayobadilika kwa faida ni michache sana. Mmoja ulizaa tunda jekundu zaidi, karibu bila mbegu: Star Ruby, lililotolewa kwa wakulima mwaka 1970. Tangu hapo mti huo unaongezwa kwa kuunganisha vijiti vyake kwenye miche mingine, bila mionzi tena. Tunda la leo halina mionzi ndani.

Dawa za kubadili mbegu zina hatari nyingine, kwa yule anayezishika: baadhi zinaweza kuleta kansa. Mtu akiwaletea unga wa namna hiyo kwa ajili ya michungwa yenu, msiuguse, zaidi sana mwenye mimba.