Mashauri ya Fundi: Baiskeli Kuukuu, Ipakwe Rangi Mpya au Ihifadhiwe?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Neno hilo lamhusu sana mtu mwenye baiskeli ya zamani ambayo weusi wake umepauka na michirizi yake imeanza kufutika. Huitazama asubuhi akaona haya mbele ya majirani, kisha akaenda dukani kununua kopo la rangi. Pengine afanya vyema. Lakini pengine afuta kwa saa moja kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha.

Na uchukuliwe mfano wa Dagahaley, kaskazini ya Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Jina hilo kwa Kisomali maana yake ni mahali penye mawe, na kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992. Baba mmoja wa hapo ameachiwa na marehemu mzazi wake baiskeli aina ya Raleigh. Mwanawe amwambia, “Aabe, tuipake rangi ya buluu ing’ae, watu wasema twaendesha chuma chakavu.” Baba ajibu, “Mwanangu, hapa penye mkwaruzo ndipo babu yako alipokuwa akinipakia nilipokuwa mdogo. Ukipaka rangi, nitakuonyesha nini?” Wote wawili wana haki, na shauri lao lafaa liamuliwe kwa kukitazama chuma chenyewe.

Yapasa kwanza kujua rangi ile ya asili ni kitu gani. Baiskeli za Raleigh zilitengenezwa katika mji wa Nottingham, Uingereza, tangu miaka ya 1880 na kitu mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2002. Rangi yake nyeusi haikukaushwa kwa upepo kama rangi ya mlango, bali ilichomwa katika tanuri hata ikawa ngumu na kushikamana na chuma. Mistari ya dhahabu katika baiskeli nyingi za zamani ilichorwa kwa mkono wa fundi mwenye brashi nyembamba, na mbele ikawekwa nembo yenye kichwa cha korongo. Rangi ya kopo, hata ikiwa nzuri namna gani, si ngumu kama ile. Ndiyo sababu baiskeli iliyopakwa ovyo hung’aa kwa muda mfupi, kisha hubanduka vipande vipande.

Pili, na ajulikane adui. Kutu haiji kwa uzee. Huja kwa maji na hewa vikikutana na chuma kitupu. Lamu, penye hewa ya chumvi, mkwaruzo mdogo wafaa uzibwe upesi. Dagahaley hewa ni kavu karibu mwaka mzima, na madoa ya kahawia juu ya chuma yaweza kukaa miaka mingi bila ya kuendelea sana. Huko jua na mchanga ndivyo vinavyopausha rangi na kuisugua. Lakini ukavu huo usimdanganye mtu. Mvua kubwa za mwaka 1997 na za mwaka 2006 zilileta mafuriko katika kambi za Dadaab, na baiskeli iliyosimama ndani ya maji yaweza kuwa nzima kwa nje huku mabomba yake yanaliwa ndani.

Basi mwenye baiskeli na aichunguze hivi. Atoe kiti na bomba lake, amulike ndani kwa tochi. Apige fremu polepole kwa mpini wa bisibisi, hasa karibu na pedali, mahali ambapo maji hukusanyika. Atazame kama kuna ufa kwenye maungio na kwenye uma wa mbele. Chuma kikibonyea, au kutu ikitoka kwa magamba, hilo si shauri la rangi tena. Aende kwa fundi wa kuchomea kabla hajampakia mtu.

Chuma kikiwa kizima, heri ihifadhiwe. Aioshe kwa maji kidogo na sabuni laini, aikaushe mara moja. Madoa ya kutu ayasugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, akijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Petroli isikaribie nembo wala maandishi, kwa kuwa huyayeyusha. Ndani ya mabomba atie mafuta kidogo. Nje apangushe mafuta yote kisha apake nta, kwa sababu mafuta hushika mchanga, na mchanga ukisuguliwa hula rangi kama msasa.

Ikiwa sehemu kubwa imebaki chuma kitupu, au baiskeli ni ya kazi ya kila siku ya kuchukua mizigo, hapana aibu kuipaka. Lakini ipigwe picha kwanza pande zote. Kutu yote iondolewe, rangi ya kuzuia kutu itangulie, kisha rangi nyeusi ipakwe mara kadhaa kwa wepesi, alfajiri kabla upepo haujainua vumbi. Nembo isifunikwe. Nambari ya fremu, ambayo mara nyingi hupigwa karibu na kiti au chini ya pedali, isizibwe kwa rangi, maana ndiyo shahidi wa mwenyewe siku ya wizi.

Baba na mwana wale waweza kupatana: wazibe palipo chuma kitupu, na ule mkwaruzo wa babu waupake nta tu. Rangi ya dukani yaweza kununuliwa mwaka huu au mwaka ujao. Ile ya kwanza ni kama maji, yakimwagika hayazoleki.