Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wenyeji wa Likoni na Kisauni walijifunza kwa taabu.

Mwaka 1908 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kuandikisha madai yake, na isiyodaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Wamijikenda, Wadigo wa Likoni wakiwamo, walishika ardhi kwa ukoo, si kwa karatasi. Wengi hawakuandikisha, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota palipozikwa babu zao.

Mwaka 2016 Serikali ya Kenya iliwapa hati wakaaji wa shamba la Waitiki huko Likoni. Lilikuwa jambo la kushukuriwa. Lakini hati imwezeshayo mtu kukaa ndiyo imwezeshayo kuuza. Auzaye kiwanja leo kwa ajili ya harusi, kesho mwanawe atapanga chumba kwa wageni.

Kusini ya Likoni, huko Diani, iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Wazee huulinda kwa miiko: mti haukatwi, na mgeni hujifunga nguo nyeusi akaongozwa na mwenyeji. Mwaka 2008 UNESCO iliuandika msitu huo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika Urithi wa Dunia. Hivyo mila za kale zimepata daftari jipya, wala hazikuharibika.

Imebaki lugha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yaiagiza Serikali kukuza lugha za wenyeji. Lakini Serikali haiwezi kuketi jikoni kwa watu ikafundisha watoto. Mtoto asiyejua kwamba "madzi" ya bibi yake ndiyo "maji" ya shuleni, atayafahamuje maombi ya wazee kayani? Kiswahili na Kidigo ni ndugu. Kukijua kimoja si kukifukuza kingine.

Basi yafaa ukoo ukutane kabla kiwanja hakijauzwa, na hati iwekwe mahali pa salama. Na jioni, chakula kikiwa tayari, wazazi waseme Kidigo na watoto wao, maana daftari la lugha ni ulimi wa mtoto.