Chaneli ya bure, ufunguo wa nani?

Mhariri,

Chini ya televisheni yangu hapa Morogoro kulikuwa na ving'amuzi viwili na rimoti tatu. Mama mkwe akija kututembelea hathubutu kugusa hata moja. Nikaona niimalize kero hiyo: nikanunua televisheni yenye king'amuzi cha DVB-T2 humo humo ndani. Nikachomeka antena, nikatafuta chaneli. Majina ya chaneli yakashuka yote, za bure na za kulipia. Nikabonyeza ya habari. Kioo kikawa cheusi, na maandishi kwamba chaneli imefungwa.

Fundi niliyemwita akacheka. "Mzee, mawimbi unayapata. Ila ufunguo uko kwenye kadi ya kampuni za ving'amuzi, na kadi yao haifanyi kazi nje ya king'amuzi chao."

DVB-T2 ni kiwango cha wazi cha kurushia televisheni ya dijitali. Kiwanda chochote kinaweza kuunda kifaa cha kupokea matangazo yake, na nchi za SADC zilikichagua mwaka 2010. Sisi tulianza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kwa hiyo mtazamaji hana pa kurudi. Sasa mwenye mtambo akishaweka kufuli lake juu ya kiwango hicho, mnunuzi anarudi kuwa mateka wa duka moja. Mpira wa Ulaya na tamthilia wafunge watakavyo. Hiyo ni biashara yao. Lakini Bunge? Taarifa ya habari ya TBC, shirika la umma? Babu yangu alisikiliza Redio Tanzania, RTD, kwa redio ya National, na hakuna aliyemuuliza ameinunua kwa nani.

Wakenya walipitia msukosuko wao. Februari 2015 televisheni za Citizen, NTV na KTN zilitoka hewani karibu wiki tatu, wenye vituo wakigombea kurusha matangazo kwa mitambo yao wenyewe. Ziliporudi Machi, zilirushwa bila kufuli, na king'amuzi cha kawaida cha DVB-T2 kutoka duka lolote kiliweza kuzinasa.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo inayotoa leseni za mitambo hii. Iandike humo kwamba chaneli ya bure irushwe wazi, na kampuni zishindane kwa vifurushi vyao. Mimi ving'amuzi nilishavigawa, na mama mkwe anakuja Desemba.

Msomaji wako,
Morogoro