Ajali Haina Kinga, Lakini Jeraha Lina Huduma

“Ajali haina kinga,” husema wazee wetu, na msemo huu tumeutumia vibaya kwa muda mrefu. Mtu akiumia njiani tunautamka, tunatikisa vichwa na kwenda zetu, kana kwamba wazee walituruhusu kutembea mikono mitupu. Wao walisema ajali haizuiliki. Hawakusema kwamba hata damu haizuiliki.

Jioni moja nilikuwa kituoni Ruiru, saa ambayo watu hutoka kazini. Kijana wa bodaboda aliteleza kwenye kokoto akaanguka, na kioo cha taa kikamchana mkono chini ya kiwiko. Tulimzunguka watu wapatao thelathini, kila mmoja na simu yake, na baadhi yetu wakaanza kumpiga picha. Hakuna aliyekuwa na kitambaa safi. Kondakta mmoja alikimbilia kisanduku cha huduma ya kwanza katika matatu yake. Kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na stakabadhi kuukuu, kitana na tochi mbovu. Mwishowe mama mmoja muuza mboga aliikunja leso yake akalibana jeraha kwa nguvu mpaka damu ikapungua, kisha kijana akapelekwa hospitali. Leso ile ilikuwa imefunika sukumawiki tangu asubuhi. Nami niandikaye haya nilisimama pale nimeshika mwavuli na gazeti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, mtu aliyelelewa vizuri hutoka nyumbani na nini? Kitambulisho, nauli, leso ya kupangusia jasho. Haya tulifundishwa na wazazi. Naona wakati umefika tuongeze jambo moja katika malezi hayo, nalo ni kifuko kidogo cha huduma ya kwanza.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali na ya waajiri. Ni kweli kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke kisanduku cha huduma ya kwanza mahali pa kazi, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Thika kuna Hospitali ya Level 5, na Ruiru kuna ya Level 4. Lakini ajali haingoji mtu afike lango la kiwanda wala la hospitali. Kwenye barabara kuu ya Thika, ambayo ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, magari hupita kwa kasi na bodaboda hujipenyeza katikati. Dakika za kwanza kabla gari la wagonjwa halijafika ziko mikononi mwa wapita njia.

Wala simwambii mtu abebe duka la dawa. Kikopo cha peremende kilichokwisha chatosha. Tia jozi moja ya glavu za mpira, plasta tano au sita, vipande viwili vya shashi ambavyo havijafunguliwa, bendeji moja ya kuviringisha na pini mbili. Ongeza kijikaratasi chenye jina lako, jina la wa kupigiwa simu, dawa zinazokudhuru, na nambari za dharura: 999, 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kila mwisho wa mwezi kifungue ukague, maana jua letu huharibu gundi ya plasta. Vidonge viache nyumbani. Si vyema kumpa dawa mtu usiyejua maradhi yake.

Glavu hasa zisisahauliwe. Zamani mtu angeweza kuvika mkono wake mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Tena wengi wetu hawakosi huruma, bali huogopa damu ya mtu wasiyemjua. Glavu humwondolea mtu hofu hiyo.

Hata hivyo, kifuko bila maarifa ni mzigo mtupu. Jeraha linalotoka damu nyingi hukandamizwa moja kwa moja kwa shashi au kitambaa safi, bila kuchungulia kila mara kama damu imekatika. Aliyeungua hutiwa maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga ni mila tunazopaswa kuziacha. Anayetoka damu puani huinamishwa mbele na kubanwa pua, wala hainuliwi kichwa nyuma. Na aliyegongwa na gari asiburutwe ovyo, isipokuwa mahali alipo pana hatari, kwani shingo au uti wa mgongo huenda umevunjika.

Mambo haya mtoto wa darasa la sita huyaelewa. Basi mwalimu na ayafundishe, mzazi ayarudie, na kondakta atoe kitana chake katika kisanduku. Mimi nimekwisha kununua vitu vyangu katika duka la dawa mjini Thika, kimoja kimoja, na kikopo kiko mfukoni ninapoandika haya. Naomba nisikihitaji kamwe. Lakini yule mama wa mboga alitoa leso yake. Sisi wengine hatuna udhuru tena.